Joto Baada ya Usingizi: Historia ya Hitilafu ya Vihisi katika Kompyuta Mpakato

Hitilafu ya kihisi joto baada ya usingizi hutokea pale kompyuta mpakato iliyolazwa, ama kwa kufungwa kifuniko ama kwa kuachwa bila kuguswa, inapoamka na kuanza kutoa vipimo vya joto visivyo vya kweli. Mashine iliyokaa kwenye begi usiku kucha ikapoa kabisa inaamka ikidai ina nyuzi 128 za Selsiasi, kisha inajizima yenyewe. Nyingine inaganda kwenye nyuzi 27 hata prosesa inapoelemewa na kazi. Nyingine inazungusha feni kwa kasi yote na haitulii mpaka izimwe. Fundi akiifungua na kupima, mara nyingi anakuta kihisi ni kizima. Kilichokatika ni mawasiliano kati ya kihisi na sehemu zinazokitegemea, na chimbuko la kukatika huko ni namna kazi ya kuangalia joto ilivyohamishwa kutoka sehemu moja ya kompyuta hadi nyingine kwa zaidi ya miaka 30.

Usingizi ulitangulia vihisi. IBM PC Convertible, iliyotoka Aprili 1986, iliweza kusimamishwa katikati ya kazi na kurejea pale pale ilipoachwa, kwa kuwa kumbukumbu yake iliendelea kupewa umeme wa betri. Macintosh Portable ya Apple ilifuata Septemba 1989 ikiwa na usingizi wa namna hiyo. Zote mbili zilitumia prosesa za CMOS zinazokula umeme kidogo, Intel 80C88 na Motorola 68HC000, na joto lake halikuwa la kumtia mtu wasiwasi. Kizazi hicho cha kwanza kililala na kuamka bila kuwa na kipimo cha joto cha kukosea.

Oktoba 1990 Intel ilitoa 386SL, prosesa iliyobuniwa mahsusi kwa kompyuta za kubeba, na ndani yake mlikuwa na hali ya utendaji iitwayo SMM. Ishara fulani ikifika, tuseme ya betri kuishiwa, prosesa inaacha kila inachofanya, inahifadhi hali yake kwenye eneo la kumbukumbu lililofichwa, inatekeleza maagizo ya BIOS, programu ya msingi ya mashine, kisha inarudi kuendelea na kazi kana kwamba hapakutokea kitu. Mfumo endeshi haukujua hata kwamba ulikuwa umesimamishwa. Mwaka 1992 Intel na Microsoft zikatoa kanuni za APM, zilizoupa mfumo endeshi nafasi ya kushauriwa: BIOS inaarifu kwamba inataka kulala, mfumo unakubali au unakataa. Utekelezaji ulibaki kwa BIOS.

Mpangilio huo ulilaumiwa sana, na kwa haki, maana kila mtengenezaji aliandika BIOS kivyake na mfumo endeshi haukuweza kurekebisha makosa yaliyomo. Lakini kwa upande wa joto ulikuwa na faida moja iliyokuja kukumbukwa baadaye. Aliyeilaza mashine, aliyeiamsha na aliyesoma joto lake alikuwa mmoja. BIOS ilijua ni chipu zipi zimekatiwa umeme wakati wa usingizi na zipi hazikukatiwa, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyozikatia.

Joto nalo lilikuja kwa kasi. Pentium ya kwanza ya Machi 1993, iliyotumia volti 5, ilitoa zaidi ya wati 10, na kila kizazi kilichofuata kiliongeza mahitaji ya feni na ya kipimo. Vihisi vilivyoenea katikati na mwishoni mwa miaka ya 1990 vilitumia tabia ya asili ya diodi ya silikoni: volteji kati ya ncha zake hushuka kwa takriban milivolti 2 kila joto linapopanda nyuzi moja. Chipu ya kupimia hupitisha kwenye diodi mikondo miwili midogo yenye viwango tofauti, hupima tofauti ya volteji inayopatikana, na kutokana na tofauti hiyo hukokotoa joto. Katika vizazi vya Pentium II na Pentium III diodi iliwekwa ndani ya kipande chenyewe cha silikoni cha prosesa, huku chipu ya kupimia ikikaa pembeni kwenye ubao mama na kuunganishwa kwa nyaya mbili tu.

Chipu hizo zilikuwa na akili kidogo na kumbukumbu kidogo, na hapo ndipo penye mzizi wa tatizo. LM75 ya National Semiconductor, mojawapo ya zilizotumika sana, hupima kwa biti 9, yaani kwa hatua za nusu nyuzi, na huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kukamilisha kipimo kimoja. Ina rejista ya joto, rejista ya mipangilio, na rejista mbili za mipaka: joto likivuka mpaka wa juu chipu inatoa tahadhari, likishuka chini ya mpaka wa pili tahadhari inaondoka. Ikipata umeme kwa mara ya kwanza, mipaka hiyo huwa nyuzi 80 na 75. Mtengenezaji wa kompyuta aliyetaka feni ianze kwenye nyuzi 60 alilazimika kuandika namba yake kwenye rejista kila mashine inapowashwa. Umeme ukikatika wakati wa usingizi, chipu inaamka na 80 na 75 zake za kiwandani, na isipokuwepo programu ya kuandika upya namba iliyotakiwa, feni inachelewa kwa nyuzi 20 bila yeyote kuambiwa.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni za ACPI, na umiliki wa kazi hizi ukageuka. Uamuzi wa kulala, kuamka, kupunguza kasi na kuwasha feni ulihamishiwa kwenye mfumo endeshi. BIOS ikabaki na kazi ya kueleza vifaa vilivyomo ndani ya mashine, na maelezo hayo yakaandikwa kwa lugha ya programu iitwayo AML, ambayo mfumo endeshi wenyewe huisoma na kuitekeleza. Hali za usingizi zikapewa majina kuanzia S0, mashine ikiwa macho, hadi S5, ikiwa imezimwa. Iliyozoeleka zaidi kwenye kompyuta mpakato ni S3: prosesa inakatiwa umeme kabisa, kumbukumbu inabaki na umeme wa kuitunza tu, na chipu moja inabaki macho ikilinda kitufe, kifuniko na chaji.

Chipu hiyo ni kidhibiti kijulikanacho kwa kifupi chake, EC. Ni kompyuta ndogo iliyojitegemea, yenye programu yake, iliyorithi kazi ya kidhibiti cha kibodi cha kompyuta za zamani na kuongezewa betri, feni na joto. Katika mpangilio wa ACPI, mfumo endeshi unapotaka kujua joto huita utaratibu wa AML uitwao _TMP. Utaratibu huo unaiuliza EC, EC inaiuliza chipu ya kupimia, chipu inaipima diodi, na jibu linarudi kwa njia ile ile hadi juu, likiwa katika sehemu za kumi za kelvini. Namba 3232 ni kelvini 323.2, sawa na nyuzi 50 za Selsiasi. Swali moja linapita mikono minne, na kila mkono umeandikiwa programu na watu tofauti, mara nyingi wa kampuni tofauti.

Mashine ikiwa macho mnyororo huo hufanya kazi vizuri. Shida iko kwenye sekunde chache za kuamka. BIOS huanza kwa kuandaa vifaa vya msingi, kisha humkabidhi mwenye nyumba, yaani mfumo endeshi, ambao hurejesha hali yake, huita utaratibu wa AML wa kuamka uitwao _WAK, na huamsha kifaa kimoja kimoja kwa zamu. Katikati ya zamu hizo sehemu nyingine ya mfumo inaweza kuuliza joto kabla EC haijawa tayari kujibu. Waandishi wa AML waliliona hilo na wakaweka kinga: alama moja kwenye kumbukumbu huonyesha kama EC inapatikana, na isipopatikana, _TMP hurudisha namba ya akiba. Katika kompyuta nyingi namba hiyo imeandikwa 0BB8 kwa hesabu ya kumi na sita, yaani 3000. Ni kelvini 300 kamili, nyuzi 26.85, namba nzima iliyo karibu na joto la chumba na isiyoweza kumshtua yeyote.

Nyuzi 27 zinazoganda baada ya usingizi mara nyingi ni hiyo namba ya akiba. Alama ya EC ilishushwa mashine ilipokuwa inalala, na kosa fulani katika _WAK au katika mpangilio wa kuamka likaiacha bila kupandishwa tena. Tangu hapo kila swali linajibiwa 3000. Hii ndiyo sura mbaya kuliko zote za hitilafu hii, ingawa ndiyo inayolalamikiwa kidogo. Mashine inayojizima kwa kudai nyuzi 128 inamlazimisha mwenyewe kutafuta dawa. Inayodai nyuzi 27 inaonekana nzima, na huku mfumo endeshi hauoni sababu ya kuagiza feni ama kupunguza kasi.

Namba nyingine zinazoonekana baada ya kuamka nazo zina asili zinazojulikana, na fundi anayezifahamu anaweza kusema mnyororo umekatikia wapi kabla ya kushika bisibisi. 127 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 8 zenye alama ya chanya na hasi, na chipu za kupimia za aina ya MAX1617 huitoa kwa makusudi pale waya wa diodi unapokuwa umekatika au diodi haijibu. 255 ni baiti ambayo biti zake zote ni 1. Nyaya za mawasiliano ya chipu hizi hupumzika zikiwa na volteji ya juu, kwa hiyo pasipokuwa na wa kujibu, msomaji hupata moja tupu, na hiyo inatafsirika kuwa 255 ama, kwa hesabu yenye alama, -1. Baiti ya 80 kwa hesabu ya kumi na sita ni 128 isiposomwa na alama na -128 ikisomwa nayo. Kwenye ThinkPad thamani ya -128 ndiyo EC inayoitumia kumaanisha kwamba kihisi hicho hakipo, jambo la kawaida kwa mfano kwa kihisi cha betri iliyotolewa. Programu inayoisoma baiti hiyo bila alama inaona nyuzi 128, na mpaka wa hatari ukiwa nyuzi 100 au karibu yake, inazima mashine kwa joto ambalo halipo. Sifuri tupu inayotoka kwenye _TMP, ikigeuzwa kuwa Selsiasi, inatoa nyuzi -273, baridi isiyopatikana popote duniani.

Watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux ndio walioandika sehemu kubwa ya historia hii, kwa sababu kwao kazi ilifanyika hadharani na kila rekebisho likabaki na maelezo yake. Mradi wa lm_sensors ulianza mwaka 1998, ukikusanya programu za kusoma chipu kama LM75 na LM78 moja kwa moja, bila kupitia BIOS. Ulikuwa msaada mkubwa, na ukatoa pia onyo la mapema kuhusu hatari ya kugusa nyaya ambazo sehemu nyingine ya mashine inadhani ni zake peke yake. Katika baadhi ya ThinkPad za IBM, kwenye nyaya zile zile za vihisi palikuwa na chipu ya kumbukumbu ya Atmel, 24RF08, iliyotunza taarifa ambazo mashine huhitaji ili iwake. Programu ya kutafuta vihisi ilituma maswali mafupi kwa kila anwani ili kuona ni nani atakayejibu, na chipu hiyo, kwa kasoro ya ndani, ilichukulia mfuatano fulani wa maswali kuwa amri ya kuandika. Taarifa zikaharibika na kompyuta ikakataa kuwaka tena. Linux ikawekewa kizuizi: ikitambua mashine ni ya IBM, kiendeshi husika kinakataa kupakiwa.

Linux 2.6 ilipotoka Desemba 2003 ikiwa na ACPI iliyokomaa zaidi, usingizi wa S3 ulianza kutumika na watu wengi, na malalamiko ya joto yakaongezeka kwa kiasi hicho. Kwa miaka kadhaa dawa ilikuwa ya kubahatisha. Palikuwa na kigezo cha kuwashia mfumo, thermal.nocrt, kilichoiambia Linux isichukue hatua yoyote joto linapofika kiwango cha hatari. Kilimtuliza mtu ambaye mashine yake ilijizima kila asubuhi, lakini kiliondoa pia kinga ya mfumo kwa siku ambayo joto lingekuwa la kweli.

Mwaka 2014 kiini cha Linux kiliongezewa rekebisho kwa ajili ya kompyuta kadhaa za Samsung, na maelezo yake yanaonyesha vizuri jinsi EC inavyoweza kukwama. Mashine ikiwa imelala, EC iliendelea kuandika matukio: kifuniko kimefunguliwa, chaji imechomekwa, betri imeshuka. Foleni yake ilikuwa fupi, na majaribio yalionyesha inachukua matukio 8 hivi. Ikijaa, EC inaacha kutoa ishara ya tukio jipya. Hali hiyo ilidumu baada ya kuamka, na ilidumu hata baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa, mpaka mtu aiulize EC tukio moja moja kwa mkono na kuimaliza foleni. Rekebisho liliifanya Linux iikamue foleni hiyo kila inapoamka kwenye mashine za aina hiyo. Kosa lenyewe liligusa matukio ya betri na kifuniko, lakini taarifa ya mabadiliko ya joto kwenye mashine nyingi hupita njia hiyo hiyo ya ishara, na EC iliyonyamaza hunyamazia yote.

Mwaka uliofuata ndipo tatizo liliposhughulikiwa katika msingi wake. Mwishoni mwa 2015 sehemu ya Linux inayosimamia joto ilibadilishwa kwa hoja tatu. Ya kwanza, hali ya vifaa vya kupoza inaweza kubadilika wakati wa usingizi: daftari la mfumo linasema feni inazunguka, ilhali imesimama tangu umeme ulipokatwa, na kwa kuwa daftari halioni mabadiliko, amri ya kuiwasha haitumwi. Ya pili, kipimo cha mwisho kabla ya kulala si kipimo halali baada ya kuamka. Msimamizi wa joto hufanya uamuzi kwa kulinganisha kipimo kipya na cha awali ili kujua kama joto linapanda au linashuka. Mashine iliyolala kwenye nyuzi 85 na kuamka kwenye 30 inaonekana kama inayopoa kwa kasi ya ajabu, na msimamizi anaondoa kinga wakati prosesa ndiyo kwanza inaanza kupata moto. Ya tatu, kusoma joto wakati vifaa vingine bado vimelala ni kosa kwa asili yake. Kwa hiyo Linux ikaacha kabisa kuuliza joto tangu inapoanza kulala mpaka kifaa cha mwisho kiamke, kisha inafuta kumbukumbu zote za joto na kuanza upya.

Kufuta nako kulihitaji namba. Kabla ya hapo, eneo ambalo halijawahi kupimwa lilibeba sifuri, na sifuri ya Selsiasi ni joto halali. Ikachaguliwa thamani ya nyuzi -274, iliyo chini ya sifuri halisi ya fizikia, -273.15, ambayo hakuna kihisi kinachoweza kuitoa kwa ukweli. Uamuzi huo mdogo una uzito mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa kwa mara ya kwanza programu ya joto ilipewa njia ya kusema kwamba haina kipimo badala ya kulazimika kutaja namba.

Rekebisho jingine la mwishoni mwa 2015 lilihusu TMP102, kihisi kidogo cha Texas Instruments. Kihisi hicho hakina jibu la maana mpaka kimalize kipimo chake cha kwanza baada ya kupangwa, kazi inayochukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Mfumo wa joto ulikisoma mara tu kiendeshi kilipojisajili, ukapata takataka, na takataka hiyo ikiwa namba kubwa, mfumo ulianza kujizima. Kiendeshi kilifundishwa kusubiri. Ni mfano mwepesi wa aina nzima ya makosa ambayo kihisi hakijakosea, kimeulizwa mapema mno.

Wakati programu zikihangaika, watengenezaji wa prosesa walikuwa wamefuata njia nyingine: kuweka kinga ndani ya prosesa yenyewe ili isitegemee mnyororo wowote. Umuhimu wake ulionekana wazi Septemba 2001, pale Tom's Hardware ilipochapisha video ya prosesa zilizoondolewa kipoza zikiwa kazini. Pentium 4 ilipunguza kasi na kuendelea. Pentium III iliganda lakini ilipona. Athlon za AMD zilitoa moshi na kufa. Pentium 4 ilikuwa na mzunguko wa ndani wa kupunguza kasi, ishara ya PROCHOT ya kutangaza joto, na ishara ya THERMTRIP ya kukata umeme kabisa, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyongoja amri ya mfumo endeshi joto lilipopanda.

Januari 2006 Intel Core Duo ikaja na kihisi cha kidijitali ndani ya kila kiini cha prosesa. Mfumo endeshi uliweza sasa kusoma joto kwenye rejista ya prosesa bila EC wala nyaya za pembeni. Rejista hiyo haitaji joto moja kwa moja. Inataja nyuzi zilizobaki kabla ya kufikia kikomo, na ina biti maalumu, ya 31, inayosema kama kipimo ni halali. Ilikuwa hatua bora, ingawa kikomo chenyewe hakikutangazwa na prosesa za mwanzo, na kiendeshi cha coretemp cha Linux kililazimika kukisia kama ni 85 au 100. Kwa upande wa usingizi faida ilikuwa ya hakika: prosesa inapoamka, kihisi chake kinaamka nayo, na biti ya uhalali inaziba pengo la vipimo vya mwanzo.

Hata hivyo njia hiyo haikumaliza mambo, kwa sababu ishara ya PROCHOT baadaye ilifanywa ya pande mbili. Ubao mama nao uliruhusiwa kuivuta ili kuiamuru prosesa ipunguze kasi, kwa mfano sehemu za kusambaza umeme zinapopata moto au chaji isipotosha. EC ikiamka na kipimo kibovu cha kihisi cha pembeni, inaivuta ishara hiyo na haiiachii. Dalili yake inajulikana na mafundi wengi: kompyuta inaamka ikiwa baridi kabisa, vihisi vya prosesa vinaonyesha nyuzi 40, na bado mashine inajikokota kwa mamia machache ya megahezi mpaka izimwe. Mwenyewe hudhani ni virusi au diski, ilhali chanzo ni kihisi kimoja cha joto kilichokaa mbali na prosesa.

Kompyuta ya XO-1 ya mradi wa One Laptop per Child, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi Novemba 2007 na kusambazwa kwa idadi kubwa katika shule za Rwanda, ilichukua mkondo wa peke yake. Haikuwa na feni kabisa. Iliundwa ilale kwa vipindi vifupi sana hata mtoto anapoendelea kusoma ukurasa, skrini ikibaki na picha na kifaa cha mtandao kikipitisha mawasiliano ya mashine jirani, huku EC ikisimamia betri na kuamsha prosesa kitufe kinapoguswa. Ilitangulia kwa miaka kadhaa wazo ambalo soko kubwa lililifikia baadaye.

Wazo hilo lilifika na Windows 8 mwaka 2012, kwa jina la Connected Standby, likapanuliwa katika Windows 10 mwaka 2015 kuwa Modern Standby. Linux ilipata usingizi wa aina hiyo katika toleo la 3.9 mwaka 2013. Mashine haiingii tena S3. Inabaki S0, prosesa ikiwa katika hali ya kupumzika kwa kina sana, na inaweza kuamka kwa muda mfupi kupokea barua au kusasisha programu hata ikiwa imefunikwa. Kompyuta mpakato nyingi za miaka ya karibuni hazina S3 kabisa. Chipu hazikatiwi umeme wote, kwa hiyo kusahaulika kwa mipangilio kumepungua. Lakini mpaka kati ya kulala na kuamka, ambao rekebisho la 2015 liliutegemea, umekuwa hafifu. Joto linaweza kupanda ndani ya begi lisilo na hewa wakati mfumo unadhaniwa kuwa umelala na umeacha kuuliza joto, na katika kipindi hicho kinga inabaki kwa EC na kwa mizunguko ya ndani ya prosesa.

EC hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini kuwasha upya mara nyingi hakuponyi hitilafu hii. Amri ya kuwasha upya huanzisha mfumo endeshi na BIOS, lakini EC hupata umeme wake kutoka kwenye betri na chaji moja kwa moja, na hubaki na hali yake ya kukwama. Mafundi huchomoa chaji, hutoa au hutenganisha betri, kisha hushikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki kwenye saketi uishe na EC ianze upya kabisa. Kwenye Mac za prosesa za Intel, zilizoanza mwaka 2006, kazi ya EC ilifanywa na chipu iitwayo SMC, na Apple iliweka mfuatano maalumu wa vitufe wa kuianzisha upya. Mac zenye prosesa za Apple zenyewe, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, hazina mfuatano huo, na kuzima na kuwasha kunatosha. Hitilafu ikirudi kila mashine inapolala hata baada ya EC kuanzishwa upya, kosa liko kwenye programu ya EC au kwenye AML, na dawa yake ni toleo jipya la BIOS kutoka kwa mtengenezaji. Kwa kompyuta za mitumba zinazouzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, nyingi zikiwa za modeli ambazo watengenezaji walishaacha kuzitolea BIOS mpya, kinachobaki ni kutumia usingizi wa kuandika kumbukumbu kwenye diski, S4. Usingizi huo huizima mashine na kuiwasha kwa njia ya kawaida, hivyo BIOS huandaa vihisi tangu mwanzo kama inavyofanya kila siku.